Fundi Siye

Watu wanne maarufu walichangia jina na fundi cherehani huyu, lake na la baba yake, herufi kwa herufi: mwimbaji wa nyimbo za mapenzi, golikipa, jaji, na waziri aliyejiuzulu ili apate nafasi ya kukaa na familia, jambo ambalo familia haikuliomba. Wa tano alikuwa fundi mwenyewe, na sifa yake ilikuwa suruali zisizopasuka mtu akiinama.

Chumba cha kazi aligawana na kinyozi, pazia katikati, na simu moja ya mezani, ya zamani, isiyoonyesha namba ya anayepiga. Namba ya simu hiyo ilikuwa chini ya jina lake kwenye kibao cha nje. Mtu mmoja akakipiga picha kwa mzaha, ikasambaa. Simu ikawa inalia kutwa. Mashabiki walitaka kuimbiwa, walioshindwa kesi walitaka kutukana. Fundi akajifunza jibu moja, "Siye," halafu anakata. Kinyozi akalishika. Mtaa nao ukalishika, hadi likawa ndilo jina lake.

Lakini kila simu ilipolia, moyo wake uliruka kabla ya mkono. Binti yake alichukuliwa na mama yake wakahamia mbali akiwa bado saizi ya kukaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, akiokota vifungo. Tangu hapo, kimya. Akinitafuta, aliwaza fundi, atakutana kwanza na wale wanne. Na msichana mwenye akili zake haachi jaji akachukua cherehani.

Siku moja alirudi kutoka kununua zipu, akaketi, akabana pini midomoni kama kawaida yake. Kinyozi akafunua pazia huku anacheka, mteja nyuma yake kichwa kimenyolewa nusu.

"Bwana Siye, leo kapiga kichaa! Sauti ya kike. Kakutaja majina yote mawili, nikamwambia siye."

"Vyema," alisema fundi kupitia pini.

"Hakukata! Eti, 'Kaka, leo kila ninakopiga naambiwa siye. Niambie tu, huyo wa kwenu huongea na pini mdomoni?' Nikamwambia dada, mwimbaji na pini mdomoni ataimbaje? Nikamkatia."

Kinyozi alisubiri mwenzake acheke. Alikuwa amemzoea kiasi kwamba zile pini hakuziona tena, kama mtu asivyoiona pua yake. Fundi alizitoa moja moja, akazilaza mezani.

"Alisema atapiga tena?"

"Si nilikata, ndugu yangu? Ndivyo ulivyonifundisha."

Ndivyo alivyomfundisha.

Tangu siku hiyo simu ikilia fundi huwahi mwenyewe, na hujibu, "Ndiye." Ameshaombwa wimbo, akauimba, vibaya. Ameshatukanwa kwa ajili ya hukumu ya shamba asilolijua, akaomba radhi. Ameshaahidi kudaka penalti. Wote huwasikiliza mpaka mwisho, kwa sababu sauti ya binti yake hajui imekuwaje. Aliiacha ikiwa ndogo.

Na kabla ya kuinua mkonga wa simu, hata kama hana nguo ya kushona, hubana kwanza pini midomoni, asije akasikika vizuri.