Salamu ya Kutoka Juu

Mjomba wangu, fundi wa magari wa mtaa wa Kinama, alijiundia ndege. Mabomba ya alumini, turubai lililoshonwa na fundi cherehani jirani yake, moteri ya gari dogo lililokufa zamani. Kiti kilikuwa kimoja. Asubuhi ilipopaa kwa mara ya kwanza, mpunga ukiwa umekwisha kuvunwa, nilisimama kwenye mabua makavu nikaitazama ikielea kati ya milima ya Kongo na milima yetu, nyepesi kama kitu ambacho mtu amekisahau hewani. Nilisahau kuogopa. Kwangu hilo si jambo dogo: mimi hata nikivuka barabara huwaza gari ambalo bado halijatoka gereji.

Ilipita juu ya nyumba ya bibi, mama yake mjomba, mwisho wa mtaa wa Buterere pale mashamba yanapoanzia. Bibi alikuwa uani na majirani, akipepeta mchele. Aliinua macho, akasema ili wacheke:

"Muone mutoto yangu! Amepita juu ya kichwa yangu, hata salamu apana!"

Wakacheka. Lakini maneno yalifika Kinama kabla jua halijazama, na mjomba hakucheka. Kwetu mkubwa husalimiwa kwa kuinama, mikono miwili. Hata mwenye baiskeli hushuka kwanza.

"Siku ya Mungu nitamusalimu," aliniambia, mikono imejaa grisi. "Nitashuka chini-chini, juu ya mabati, alafu nitaipindua mara moja. Ndege nayo iiname."

"Chini vile apana, mjomba."

"Mupwa, we umesoma mpaka unaogopa kuku."

Nilikuwa nimemaliza chuo, kazi sijapata, na muda wa kuwaza ninao. Nilishamwona akiipindua juu sana, upande wa mtoni. Ndege ililala chali, ikasita, bawa moja likaishiwa nguvu, ikaporomoka kimo cha michikichi mitatu kabla ya kushika hewa tena. Kule juu kuporomoka huko kulikuwa kuzuri, polepole, kama kusinzia. Juu ya mabati ya bibi hapakuwa na nafasi ya mchikichi hata mmoja. Nilimweleza. Akasema atakanyaga mafuta zaidi. Wiki nzima nililiona lile bawa likisita, hata ndani ya kikombe cha chai.

Jumapili, hiyo siku ya Mungu, nikawahi kwa bibi kumweleza mpango wa mjomba, nikamwomba aufute utani wake.

"Utani unafutwa na sabuni gani, mume wangu?" Ndivyo anavyoniita. Kisha akauona uso wangu. Nilichukua ungo nikaupindua kama ndege, karibu na mkeka. Ukingo ukagonga chini kabla haujamaliza kugeuka. Aliutazama ule ukingo kwa muda.

"Kama siko inje," akasema, "atasalimu nani?"

Akawaita majirani. Wanawake, watoto, mzee na redio yake, wote wakaingia ndani na milango ikafungwa. Nguo zikaanuliwa. Uani likabaki jua tu.

Tulikaa gizani, wengi, tukipumua taratibu kama watu walio chini ya maji. Sauti ya moteri ilitoka mbali, nyembamba, ikaanza kunenepa. Mabati yakatetemeka. Niliwaza: labda hajaona kwamba hatupo. Labda ameona, na atapindua hivyo hivyo kwa hasira. Labda tumemkusanyia watu wote chini ya paa moja. Bibi alinishika kifundo cha mkono. Sauti ilizunguka, ikarudi, ikazunguka tena, kama mgeni anayebisha hodi huku akijua wenyewe wapo. Kisha ikapanda. Ikaelekea mashambani, ikafifia, ikakatika.

Ukiwa ndani, kimya cha ndege iliyotua na kile kimya kingine havina tofauti. Vumbi lilielea kwenye mwanga wa tundu la msumari, nami nikalifuata kwa macho kwa sababu sikuweza kufuata kitu kingine.

Simu ya bibi ikalia.

"Mama! Mumeenda wapi mwote? Nimezunguka mpaka mafuta inataka kuisha!"

Bibi aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Tuko ndani," alisema. "Acha iyo kitu yako uko. Kuja na miguu."