Marashi Juu ya Kinanda cha Kioo

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na kinanda changu kwapani, nimekifunga kwa kanga. Ilikuwa Mabawa, uani kwa Kiongozi wa kikundi chetu cha taarabu, watu wametoka kusali alasiri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akalaza fidla yake magotini na kukitazama nilichokifungua.

"Binti, hicho ni kinanda au sinia la vitumbua?"

"Ni kishikwambi, mzee. Kinanda kimo ndani."

"Kimo ndani? Basi kitoe tukione!"

Uani wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kuwashinda, maana nilikuwa na hofu na sikujua nifanye nini kingine.

Nanyi mnaosoma mtacheka nikisema nimestaafu, na miaka thelathini sijaifika. Lakini kazi ya kupiga kinanda cha kioo nimeifanya na nimeiacha kwa heshima, na wadogo zangu wa kikundini hawaishi kuniuliza ilikuwaje. Shule niliishia darasa la saba. Basi nitaeleza nilivyojifunza mwenyewe, kwa vidole na kwa kuaibika.

Kinanda cha kikundi kilikuwa kimekufa, chumvi ya hewa ya pwani imekula nyaya zake. Kiongozi alishapata mpigaji mwingine mwenye chombo chake, bado kumwita tu. Aliyenitetea ni Mama Mlezi, mwimbaji wetu mkuu.

"Mpe harusi tatu, Kiongozi. Mtoto ana masikio huyu."

"Tatu," akasema Kiongozi. "Ya tatu ikiharibika, namwita yule bwana, na wewe Mama Mlezi usininunie."

Nilikuwa nikiota kupiga taarabu tangu udogoni, nikisikiliza harusi za majirani kupitia ukuta. Harusi tatu hizo nilizibeba kama yai.

Ya kwanza ilikuwa palepale Mabawa. Nilikiunganisha kishikwambi na spika isiyo na waya, nikajiona wa kisasa. Kumbe sauti ikipita hewani inachelewa: unabonyeza, unasubiri kidogo, ndipo inalia. Mpiga ngoma ya dumbaki alikuwa mbele, mimi niko nyuma yake nahema.

"Binti!" Kiongozi akaniita bila kuacha kupiga fidla. "Unapiga leo, sauti inafika kesho!"

Wimbo wa pili nikachomeka waya. Kuanzia siku hiyo waya ulilala kwenye pochi yangu pamoja na tasbihi.

Ya pili ilikuwa Maramba, mchana, chini ya turubai. Joto lilikuwa la kukaangia samaki. Katikati ya wimbo kishikwambi kikaandika kwamba kimepata moto na kinajipumzisha, kikazima. Mama Mlezi aliendelea kuimba na fidla peke yake, na huku anaimba akavua mtandio wake wa mabegani, akauchovya kwenye maji ya kunywa, akanirushia nikifunike kwa nyuma. Kikazinduka. Ile huruma yake sijaisahau.

Msidhani nilikidharau kile kioo. Nilikipenda mno. Mtoto asiye na kitu kama mimi nilipata ndani yake udi, kanuni, zumari na fidla kumi zikilia kwa pamoja. Ila kina mipaka yake. Sauti nane tu ndizo zilizoweza kulia kwa wakati mmoja. Ya tisa ikija, ya kwanza inanyamazishwa. Halafu hakijui hasira wala huruma: uguse kwa upole, upige kwa nguvu, sauti ni ileile. Na kioo hakina kingo za kupapasa, kwa hiyo macho hayabanduki hapo. Miezi ile yote sikuona bi harusi hata mmoja.

La mwisho ndilo zito. Taarabu ya zamani ina sauti inayokaa katikati ya vibao viwili vya kinanda, si hiki wala si kile. Wazee huiita robo. Fidla huipata, maana kidole kinateleza tu juu ya uzi. Programu yangu ilikuwa na ukanda wa kushoto wa kupindishia sauti, lakini ukiuvuta, sauti zote zinapinda pamoja kama walevi walioshikana mikono.

Harusi ya tatu ikawa Ushongo. Tulifika asubuhi, na bibi yake bi harusi akamwita Kiongozi pembeni. Alitaka wimbo ulioimbwa harusini kwake yeye, kwa sauti ileile ya zamani.

"Marehemu mume wangu alikuwa akiupenda," akasema. "Msiniletee ya kubabaisha."

Kiongozi akanigeukia. "Umesikia? Wimbo huo ndio harusi yako ya tatu."

Alasiri ukumbi ukajaa. Tukaanza vizuri. Mama Mlezi alipofika ubeti wa pili, somo wa bi harusi, yaani kungwi wake, akainuka na mrashi wa fedha, anapita safu kwa safu akinyunyizia watu marashi ya mawaridi, kama ilivyo ada yetu. Alipofika kwangu, akaniona nimeinama navuja jasho, akanihurumia.

"Na wewe mwanangu, usikose baraka!"

Akanimwagia. Mimi pamoja na kinanda.

Kioo hakitofautishi tone la maji na ncha ya kidole. Kwa hiyo vidole vikawa arobaini. Zumari ikalia, ikaja kanuni, kisha ngoma ya disko ambayo sikuwahi kujua imo mle ndani. Akina mama wakapasuka kucheka. "Heee! Limepandisha shetani hilo!" mmoja akapiga kelele. Nikafuta kwa kanga, na kanga yenyewe imelowa. Nikamtazama bibi. Alikuwa hacheki.

Nikafunga sauti zote. Fidla ya Kiongozi ikabaki peke yake, nyembamba. Nilitaka kulia, kusema kweli. Kisha nikaona pembe moja tu ya kioo ndiyo iliyobaki kavu, ya kushoto: kibao kimoja cha besi, na ule ukanda wa kupindishia. Nikafungua sauti moja, nikaweka kidole kimoja. Na kwa kuwa sauti ilikuwa moja, ukanda haukuwa na nyingine ya kuharibu. Nikaivuta polepole nikiifuata fidla, mpaka zikakutana palepale katikati, kwenye robo. Nikaishikilia hapo. Kila fidla iliporudi, ilinikuta.

Mama Mlezi akafumba macho akaimba. Bibi akajifunika uso kwa ushungi, mabega yanatikisika.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, Kiongozi alikaa juu ya sanduku la fidla.

"Leo umepiga sauti ngapi?"

"Moja, mzee. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mabawa ulipiga mia, sikusikia hata moja." Akapiga chafya, marashi yamemjaa puani. "Yule bwana sitamwita."

Nilipiga kioo kile mpaka kikundi kilipopata kinanda kipya, chenye vibao vya kweli. Siku ya kwanza niligusa kibao kwa upole, kikalia kwa upole. Nikagusa tena, nikakaa pale nalia kama mjinga, na Mama Mlezi ananicheka. Kishikwambi nimekirudisha nyumbani. Mdogo wangu anajifunzia humo, na nimemwambia asikione kidogo, maana ndicho kilichonifundisha kusikiliza.

Sasa napiga macho yakiwa juu. Nawaona mabibi harusi wote, nyuso na hina zao. Na somo akija na mrashi, nainua uso na kufungua viganja. Matone yakidondoka juu ya vibao hayapigi kitu. Kinanda kinanukia tu.