Mpangaji wa Tecla

Marehemu mume wa Tecla alikuwa seremala, na nyumba yao ya mabati karibu na Kapkatet aliijenga akitumaini watoto wengi. Mungu aliwapa mmoja tu, Kipkosgei. Kijana alipopata kazi ya reli Nakuru, Tecla akabaki peke yake na vyumba viwili vilivyojaa mahindi na panya. Mwaka wa 1955 alivifagia, akavipaka chokaa, akatangaza kanisani kwamba anatafuta wapangaji.

Shemeji yake Kipsang, jirani yake wa ng'ambo ya ua, alikuja juu.

"Boma la ndugu yangu si hoteli! Leo unamlaza mgeni, kesho atataka shamba."

"Akitaka shamba nitamwambia halipo," Tecla alimjibu. "Lakini nyumba isiyo na watu huoza, shemeji."

Chumba kimoja alikichukua Beldina, mwalimu wa shule ya misheni. Cha pili kilikwenda kwa Mzee Momanyi, Mkisii aliyekuwa mpishi wa mzungu kwenye mashamba ya majani chai. Mzungu alikuwa amerudi kwao, na mzee sasa alioka mikate ndani ya debe na kuiuza sokoni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi alikuwa akibisha mlango wa jikoni na kumpa Tecla mkate. "Mama Kipkosgei, huu umeungua kidogo, siwezi kuuza." Tecla aliugeuza huku na huku asione palipoungua.

Siku moja alimuuliza kwao ni wapi. Mzee alionyesha vilima kwa kidevu.

"Ni kule tu. Niligombana na ndugu zangu nikiwa kijana, nikasema sitarudi. Halafu nikazeeka."

Mvua za mwaka wa tatu zilimletea kikohozi kisichosikia dawa. Alipokataa katakata kupelekwa hospitali, Tecla na Beldina walimuuguza kwa zamu, huyu na uji, yule na maziwa ya moto. Tecla alituma habari kwa wanawake wa Kisii waliokuja kuuza ndizi kwenye soko la Roret. Hakuna aliyekuja. Jumapili moja mchana, Tecla akimpangusa jasho, mzee alimshika kifundo cha mkono kana kwamba anataka kuinuka, kisha akakiachilia. Alikuwa amekwisha.

"Apelekwe kwao," alisema Kipsang. "Mpangaji si ukoo."

"Tumetuma kwao, hawakuja. Unataka nimtupe barabarani?"

"Mimi simchimbii."

Siku hizo wengi bado waliogopa kukaribia maiti, hata wa ukoo wao, sembuse wa mgeni. Majirani walisimama nje ya ua wakitazama. Tecla hakumwomba yeyote. Alijifunga leso kiunoni, akachukua jembe, akaenda nyuma ya jiko akaanza kuchimba. Udongo mwekundu ulikuwa mzito kwa mvua. Beldina alivua viatu vyake vya ualimu, akawa anauzoa kwa karai. Shimo lilipofika magotini, viganja vya Tecla vilikuwa vimechubuka, naye alikuwa akilia, nusu kwa huzuni, nusu kwa hasira.

Kipsang akaruka ua. "Toka humo," alisema.

Tecla alidhani amekuja kulifukia. Alikumbatia jembe kifuani.

"Toka, nimesema. Shemeji yangu hachimbi kaburi nami niko hai. Watu watasema nini?" Alimnyang'anya jembe, akashuka, akapiga mara kadhaa bila kuinua macho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa mrefu kiasi gani?"

Walimzika jioni hiyo kwa wimbo wa kanisani.

Majani yalikuwa yameanza kuota juu ya kaburi alipofika mwanamke mmoja na mkungu wa ndizi mgongoni. Jina lake Bitutu, dada yake Momanyi, na habari zilikuwa zimemkuta kwa binti yake, mbali, zikiwa zimechelewa. Alikaa kando ya kaburi mpaka jua likazama.

"Mama, alikuwa akilala wapi?" aliuliza.

Tecla alimfungulia chumba, akamtandikia kitanda kilekile. Usiku kucha hakumsikia akilia wala akigeuka. Jua lilikuwa juu Bitutu alipotoka akijinyoosha. Alisema hakuwa amelala usingizi kama huo tangu apate zile habari, kisha akauliza kama kuna kuni za kupasua.