Stuli ya Mwenye Duka

Kila asubuhi, kabla ya kupima vitambaa, Mhindi mwenye duka hapo Karatina hukaa mkekani nyuma ya kaunta, miguu ameikunja, macho ameyafumba, akivuta pumzi na kuiachilia polepole. Wanunuzi humngoja. Hata mumewe alipofariki hakuacha, na watu wakasema hana uchungu. Mwalimu Monicah, mjane mwenzake, naye alisema hivyo. Siku moja alikuja kutaka kitambaa cheusi cha kufunika kiti cha marehemu mumewe. Wageni wa kanisa walikuwa wanakuja Jumapili, na mtu akikikalia, ingeonekana nyumba imemsahau bwana wake. Mwenye duka alikipapasa kitambaa kwa vidole vyake vyembamba, kisha akamsogezea stuli iliyochakaa.

“Kaa, mwalimu.”

“Si hii ni ya mzee wako?”

“Yeye nakaa zamani, natosha. Mimi hapana shika kiti yake. Hata pumzi, wewe nashika tu, nakufa.”

Monicah akakaa, mgongo wima kama yuko kanisani. Pumzi ndefu ikamtoka, akashtuka kuisikia.

“Rudisha hicho cheusi,” alisema hatimaye. “Nikatie cha maua, cha meza. Wageni ni wengi, na viti vyetu havitoshi.”