Tike ya Safari Kumi

Nassoro hatumii gundi. Ni fundi cherehani tangu ujana wake kule Buyenzi, Bujumbura, na leo ana miaka sabini na miwili, lakini kwa hilo hajabadilika. Uzi ni mwungwana, husema: ukiufumua unatoka wenyewe na nguo inabaki nguo. Gundi ikitoka hutoka na ngozi ya mwenzake. Kwa hiyo tike zake zote, kama wanavyoziita tiketi watu wa kwao, mia nne na ushee, zimo ndani ya vifuko vya nailoni alivyovishona mwenyewe juu ya vipande virefu vya kitenge. Amevining'iniza ukutani mwa nyumba yake ndogo ya Auderghem, huku ughaibuni, pale ambapo wengine hutundika picha za harusi.

Na si tike zozote tu. Anakusanya zile za zamani za bei nafuu, za tramu na basi, walizopewa wazee na watu wenye ulemavu. Anayo ya kipofu na mtu wa kumshika mkono, wawili kwa tike moja. Anayo ya bibi mwenye kofia ya manyoya, picha yake pembeni, anamkodolea macho mpiga picha kama anayemwambia fanya haraka nina kazi. Jumapili asubuhi utamkuta soko la mitumba la Jeu de Balle, mkongojo kwapani, akipekua makopo ya biskuti ya marehemu wa watu. Lukman, jirani yake kutoka Tanga, alisikia msikitini kuwa mzee anakusanya matikiti. Akamnunulia tikiti maji kubwa Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika, akalibeba kwenye metro mpaka mlangoni. Walilila lote siku hiyohiyo.

Watu humwuliza kwa nini hizo. Si akusanye stempu? Swali hilo humkasirisha, na ana haki ya kukasirika, kwa sababu jibu lake liko katika tike moja, ile ya kwanza, na si jibu la kumpa mtu mlangoni.

Alifika mji huu mwaka wa 1997, Februari, baridi ya kupasua midomo. Polio ilikuwa imeuharibu mguu wake wa kushoto tangu ana miaka minne. Alipata kazi ya kupunguza suruali katika duka la ushonaji Matonge, mlango kwa mlango na saluni ya Mignonne, msichana wa Bukavu asiyejua kuzuia mdomo wake. Ofisi moja ya misaada ikampa tike ya safari kumi ya bei nafuu, inayokatwa tundu kila unapopanda, na karani akaigonga muhuri mwekundu: INVALIDE.

Neno hilo Nassoro alilijua. Wiki mbili kabla, karani wa ofisi nyingine alimrudishia cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa neno hilohilo, akamweleza kwamba hakifai, hakitambuliki, atafute kingine. Basi alipoliona kwenye tike, alielewa kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili zake angeelewa: wamempa tike, kisha wakaibatilisha. Labda wamekosea, labda wanamtega. Apande tramu na tike batili, akamatwe na watu wa sare, arudishwe alikotoka? Thubutu! Aliitia mfukoni akatembea. Barabara ya Chaussée de Wavre inakwenda moja kwa moja kutoka Auderghem mpaka Matonge, na Nassoro aliimaliza kwa mkongojo, saa mbili na nusu kwenda, saa mbili na nusu kurudi, kwa siku kumi na tisa. Kwapa lilichubuka mpaka likatoa damu.

Siku ya ishirini Mignonne aliiona damu kwenye shati, akamwuliza kulikoni. Nassoro akamwonyesha tike. Mignonne aliisoma, akaangua kicheko hadi akashika mlango asianguke.

"Mais papa, haiko tike njo iko invalide," alisema. "Njo weye!"

Hujafa hujaumbika, na Mignonne alipouona uso wa Nassoro kicheko kilimkauka. Amemwomba radhi mara nyingi tangu hapo, na mpaka leo Nassoro hana rafiki mkubwa kumshinda. Lakini neno lilikuwa limekwisha kuingia: kwa Kifaransa invalide ni kitu batili, na ni mlemavu pia. Yaani tike nzima, mtu mbovu! Kikaratasi kina afya kuliko anayekibeba! Nassoro hakuitumia tike ile hata mara moja. Alinunua za bei kamili kama watu wengine, akaanza kuzitafuta za wenzake, aone ni nani mwingine aliyegongwa muhuri. Alipompata bibi mwenye kofia alijua hayuko peke yake.

Machi mwaka huu akaja Élodie, binti wa kamati ya mtaa iliyokuwa ikiandaa maonyesho ya tike za zamani. Binti mwema, hilo lisemwe. Alivitaka vitenge vyote, na tike ya kwanza ikae katikati ya ukumbi. Nassoro alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka lolote katika mji huu. Alitaka watu wasimame mbele ya neno lile, walisome kwa macho yao, waone haya kidogo. Akatoa sharti moja: neno lionekane. Élodie akasita. Kamati ina wasiwasi, alisema. Siku hizi neno hilo halitumiki, linaweza kuwaumiza watu wenye ulemavu.

"Mtu mwenyewe ndiye mie," Nassoro alimjibu kwa Kifaransa. "Limekwisha kuniumiza. Alors, mnamficha nani?" Kisha akamgeukia Mignonne aliyekuwa ameketi naye. "Mwambie, mficha uchi hazai."

Mignonne alimtazama binti, akamtazama Nassoro, akatafsiri kwamba papa anasema uwazi ni jambo zuri.

Élodie akaahidi. Nassoro akaufumua uzi taratibu, akamkabidhi tike mkononi.

Ukumbi wa maonyesho, siku ya ufunguzi, ulikutwa na ngazi kumi na mbili na hakuna lifti. Maonyesho ya tike za walemavu! Lukman alijitolea kumbeba. "Mie si gunia la mchele," Nassoro alimwambia, akazipanda kwa makalio, moja baada ya moja, ndani ya suti aliyojishonea, huku wageni wenye glasi mikononi wakimpisha bila kujua waangalie wapi. Hilo alilifurahia.

Furaha iliishia mlangoni. Tike yake ilikuwa katikati, chini ya taa, juu ya kibao kilichofunikwa kitambaa cheusi. Na juu ya muhuri palikuwa na kibandiko cheupe cha ukubwa wa kidole gumba.

Élodie alikuja mbio, uso umemwiva. Kamati iliamua juzi, alisema, yeye alipinga, wakamshinda. Lakini kinatoka, kinatoka kirahisi tu. Kabla Nassoro hajasema usiguse, ukucha wa binti ulikwishashika pembe, ukavuta.

Kilitoka, na ngozi ya tike ikatoka nacho. Pale palipokuwa na muhuri pakabaki doa la kijivu lenye manyoyamanyoya. Neno lenyewe lilikuwa nyuma ya kibandiko, limefifia, limegeuka kinyume.

Élodie alianza kulia. Nassoro aliumia, tena sana, kama mtu aliyeibiwa huku anatazama. Siku kumi na tisa za kutembea, na ushahidi wake umeng'olewa kwa ukucha wa mtu mwema.

"Papa, twende zetu," Mignonne alimnong'oneza.

"Twende wapi? Nimepanda ngazi kumi na mbili." Akanyoosha mkono. "Nipe hicho."

Élodie akampa kibandiko. Fundi hatembei bila sindano. Ya Nassoro ilikuwa nyuma ya ukosi wa koti, na uzi mwekundu ndani yake. Akaomba kiti. Akakishona kibandiko kwenye kitambaa cheusi kando ya tike, upande wa neno ukitazama watu, mshono mmoja kila pembe, bila haraka, na ukumbi mzima ukasimama kumtazama. Alipomaliza akaomba kalamu na vikadi viwili vya maelezo. Kimoja akakiweka chini ya tike, kingine chini ya neno.

Chini ya tike aliandika: VALIDE. Halali.

Chini ya neno aliandika: INVALIDE. Batili.

Mignonne alivisoma vyote viwili kwa sauti, na safari hii hakucheka. Alimwinamia Nassoro, akamshika bega.

"Na weye, papa?"

Nassoro alikuwa akiirudisha sindano kwenye ukosi wake. Akauchukua mkongojo, akainuka.

"Mie nina safari kumi," alisema. "Sijakata hata moja."