Lenzi Iliyosimamisha Madrasa

Siku zile za Mbagala yetu, kufikicha macho halikuwa kosa la kumfanya mtu akufokee. Njia za mtaani zilikuwa mchanga mtupu, upepo ukipita mtu anatafuna vumbi hata kama amefunga mdomo, na sisi watoto tulishinda humo humo tangu tunapotoka shule mpaka tunapoitwa nyumbani kwa majina yetu kamili. Wenzangu wakishajipangusa waliendelea kucheza. Mimi nilibaki pembeni nafikicha kwa ngumi zote mbili, na utamu wake, kwa aliyewahi kuwashwa macho vile, hausimuliki. Mama alikuwa fundi cherehani, akishona barazani, na bila hata kuinua kichwa alikuwa akisema, "Rukia, hayo macho utayatoa uyaweke mfukoni."

Nilipofika darasa la tano, mpira wa rede ukaanza kunipiga kuliko kawaida. Ulikuwa mpira wa soksi kuukuu na haukuumiza, ila nilikuwa naona mipira miwili inakuja na kila mara nilikwepa ule wa uongo. Ramadhani ya mwaka ule, mtaa mzima ulipotoka jioni kuutafuta mwezi wa Idi, mimi nilipaza sauti kwamba nimeona mitatu. Watu wakacheka, babu mmoja akasema basi mwaka huu tutakula Idi tatu. Mama peke yake hakucheka.

Shuleni niliokolewa na Zuhura, jirani yangu wa mtaani na wa dawati. Alikuwa akininong'oneza kila kilichoandikwa ubaoni, na mimi naandika. Mwalimu akadhani tunapiga soga, akatutenganisha, na maksi zangu zikaporomoka. Mwishowe akamwita Mama na kumwambia kwa upole kwamba mtihani wa darasa la saba hausubiri mtu, na kwamba mtoto asiyeona ubao pengine afundishwe kushona tu. Mama akamjibu, "Cherehani nayo inataka macho, mwalimu." Wiki ile ile akanipeleka mjini.

Kulikuwa na duka dogo la miwani la Mzee Abbas, Mhindi mmoja wa Kishia, Mwithnaasheri mwembamba, mwenye kofia nyeupe na mikono iliyonukia sabuni. Akanichungulia kwa muda mrefu, halafu akamweleza Mama kwa Kiswahili cha mtu aliyezaliwa Kariakoo. Kioo cha mbele cha jicho, alisema, kinatakiwa kiwe duara zuri. Changu kimekuwa chembamba na kuchongoka kama ncha ya yai. Ugonjwa wenyewe aliuita keratokonasi. Miwani isingenisaidia sana, nilihitaji lenzi ndogo ngumu ya kukaa juu ya jicho lenyewe. Kisha akanigeukia. "Na wewe binti, kila ukifikicha unalichonga zaidi. Kuanzia leo mikono ikae mapajani."

Tulidhani tutaondoka na lenzi mchana ule. Kumbe jicho lililochongoka halivishwi kama mguu unavyovishwa kandambili. Mzee Abbas alikuwa na sanduku la lenzi za kujaribia, kila moja ndogo kama gamba la samaki. Akiniwekea moja, jicho lilichuruzika machozi kana kwamba nimefiwa. Halafu ananidondoshea dawa ya rangi ya chungwa, anawasha kitaa cha buluu, anachungulia na kuguna. "Inagusa katikati. Itakuchubua." Anatoa, anaweka nyingine. "Hii imelegea." Tukimaliza, anatutuma tukatembee saa nzima juani, maana alisema lenzi inaweza kukaa vizuri kwenye kiti chake na kukosa adabu barabarani. Vipimo vilitumwa ng'ambo, nasi tukasubiri majuma na majuma. Lenzi ya kwanza iliruka nilipopepesa. Ya pili iling'ang'ania, jicho likawa jekundu. Ya tatu ilikaa kimya kabisa, lakini niliona ukungu ule ule. Jicho la kushoto lilizikataa zote, tukaliacha.

Sikumbuki hata siku moja ambayo mzee yule alikasirika. Kila iliposhindikana alisema, "Jicho halina makosa. Mimi ndiye sijalijua bado."

Ya nne ilikaa. Ilikuwa ya jicho moja tu, la kulia, na nilipoacha kulia machozi nikamtazama Mama. Ana kidoti kidogo chini ya jicho. Miaka yote ile nalala ubavuni mwake, sikuwahi kukijua. Nikaanza kulia tena, Mzee Abbas akanikataza, akisema nitaifanya lenzi ielee, wakati yeye mwenyewe anajipangusa kwa leso.

Alinifundisha pia namna ya kutia udhu nayo, kwa kuwa alijua wapi ningekuja kuipotezea: wakati wa kuosha uso, fumba macho kabisa, pitisha maji polepole. Nikaitikia ndiyo. Lakini pale madrasa mimi na Zuhura tulikuwa na mchezo wetu wa kushindana nani atamaliza udhu kwanza. Majuma matatu kabla ya mtihani wa darasa la saba, alasiri moja nikajisahau, nikajimwagia maji usoni macho wazi. Niliponyanyua kichwa, dunia yote ilikuwa ukungu.

Lenzi nyingine haikuwepo, na ya kuagiza isingewahi. Zuhura ndiye aliyepiga ukelele kwamba jicho la Rukia limeanguka. Ustadhi wetu, mtu wa bakora na maneno machache, akatoka mbio, akaelewa, akanyoosha mkono. "Kila mtu asimame alipo. Hakuna kunyanyua mguu."

Watoto thelathini wakasimama. Mmoja alikuwa na mguu mmoja ndani ya kandambili na mwingine hewani, na akabaki hivyo hivyo. Kisha Ustadhi akapandisha kanzu, akapiga magoti kwenye saruji iliyolowa, akaanza kupapasa kwa kiganja, na mmoja mmoja wakamfuata. Wakapapasa sakafu, mfereji, hadi chini ya pipa. Walikuwamo hata waliozoea kuniita Makengeza. Sala ilisogea kidogo siku ile, na hakuna aliyenung'unika.

Zuhura ndiye aliyeiona. Ilikuwa imenasa kwenye pindo la ushungi wangu mwenyewe. Nilitamani ardhi inimeze, lakini Ustadhi alicheka mpaka akakaa chini, na hatukuwa tumewahi kumwona meno. Akaitia kwenye kikombe kitupu cha kahawa, akaifunika na leso, na baada ya sala akanisindikiza nyumbani amekishika kikombe kwa mikono miwili.

Mtihani niliufaulu. Leo mimi ni mwalimu, na mtoto wa darasani kwangu akifikicha macho namfuata mpaka kwao. Siku hizi mashine inapiga picha ya jicho mara moja, na akiwahiwa kuna tiba ya kulikaza jicho lisiendelee kuchongoka, namshukuru Mungu. Mpwa wangu yeye haumwi chochote, anavaa lenzi za rangi ya asali ili apendeze kwenye picha. Juzi moja ilimdondoka sebuleni kwangu. Nikapiga magoti kabla sijajua ninalofanya. Akanishangaa. "Shangazi, acha tu, ninazo nyingine."

Nami ninazo nyingine, mbili kwenye mkoba. Nikikosa moja navaa ya pili, na hakuna anayelazimika kusimama kwa ajili yangu. Mama ametangulia, Mzee Abbas na Ustadhi pia. Lakini kila nitiapo udhu nafumba macho kabisa, napitisha maji polepole kama nilivyofundishwa, na kabla sijayafumbua nawaombea wote: Mola awape nuru waliopiga magoti kunitafutia yangu.