Mikono Miwili ya Kushoto

Mimi ndiye niliyemharibu yule mtoto, kwa hiyo acha niseme mwenyewe kabla sijasemewa. Binti wa kaka yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu alipokata pazia langu jipya ili ajishonee sketi. Nilifoka mtaa mzima ukasikia. Tangu siku ile hakugusa tena mkasi, na mimi nikajipongeza kwamba nimefunza adabu.

Miaka mitano baadaye kaka akamwandikisha chuo cha ushonaji bila hata kumuuliza. Binti akachagua kiti cha mlangoni, begi mgongoni, mikono mapajani. Wenzake wakambatiza jina, Mlinzi. Muhula wa kwanza ukapita, wa pili nao ukafika ukingoni, hajakata hata leso. Jumatatu moja nikaitwa chuoni, maana kaka alikuwa safarini. Mkuu wa chuo, mtu wa maneno machache na tumbo kubwa, akaniambia, "Ijumaa asipoleta nguo aliyoishona mwenyewe, mrudishe nyumbani."

Nikaenda darasani hasira zimenipanda. Mwalimu wake walimwita Mwalimu Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda sokoni. Akanivutia kiti.

"Kaa hapa, mama, ila usimseme. Miaka ishirini na sita nafundisha, sijaona mtu aliyejua kushona kwa kufokewa."

Nani kamwambia habari za pazia? Nikakaa kama nilivyoambiwa.

Siku hiyo alikuwa anawaonyesha jinsi ya kukata shati la mikono mirefu. Shati lenyewe la Mkuu, la kuvaa Ijumaa kwenye mahafali. Kitambaa kina maua upande mmoja tu, na kilitosha shati moja bila ziada. Mwalimu anapenda maneno. Mkasi unakwenda, mdomo nao unakwenda. Akaweka kiolezo cha karatasi, akakata mkono wa kwanza. Akakiweka tena vilevile, bila kukigeuza, akakata wa pili. Akainyanyua yote miwili darasa lione.

Yote ya kushoto!

Jamani, mimi ningeikunja haraka nikasingizia mkasi. Yeye alicheka mpaka futi ikamwanguka. "Nimekosea, tena vibaya. Kitambaa kimekwisha, na mwenye shati mnamjua. Nani ataniokoa?"

Mlangoni nikasikia kitu nilichokuwa nimekisahau. Mlinzi alikuwa anacheka.

"Mwalimu, kumbe na wewe unakosea?"

"Kila wiki. Leo tu nimepata mashahidi."

Akavua begi! Naapa, nilisimama bila kujijua. Akaja mezani, akageuza mkono mmoja, akalaza kiolezo juu yake, akakiteremsha kidogo.

"Tukikata hapa chini, huu mrefu unatoa mfupi wa kulia. Ule mwingine tunaupunguza tu. Liwe shati la mikono mifupi."

Mwalimu akamsogezea mkasi. "Haya, kata."

"Nikiharibu?"

"Nimeshaharibu mimi. Wewe utaharibu nini tena?"

Akakata, na mimi machozi yakanitoka mbele za watoto wa watu. Wiki ile alishona shati lote peke yake. Kola aliifumua mara mbili, akanuna, akarudia. Mwalimu alikaa kando akinywa chai yake, hakugusa hata kifungo.

Ijumaa asubuhi, mbele yangu, Mkuu akalitazama shati kwa jicho la pembeni. "Nilisema mikono mirefu." Akalijaribu. Akajigeuza mbele ya kioo upande huu, akajigeuza upande ule, na hakulivua tena. "Nani kashona?"

"Yule uliyetaka arudi nyumbani leo," akasema Mwalimu Futi.

Sikungoja kusikia jibu. Nilikwenda nyumbani karibu mbio, nikafungua sanduku, nikatoa kitambaa changu cha harusi ya dada, ghali, ambacho nilikuwa sijampa fundi yeyote kwa kuogopa atakichezea. Nikarudi nacho, nikakitandika mezani mbele ya binti yangu. Alikipapasa, kisha akanitazama usoni, naye alikuwa na haki ya kunitazama vile.

"Shangazi, na nikikosea?"

Mimi mwenyewe nikamwekea mkasi mkononi. "Kata tu, mwanangu."